Nimehama Windows kwenda Linux, wiki ya tatu diski inagonga na bakapu ina mafaili matupu. Nini kimeiharibu?

#1 Umande
Habari wakuu. Naomba msaada wa haraka.

Laptopu yangu ina miaka tisa, RAM gigabaiti 8, diski ya sahani ya terabaiti 1. Windows 10 ilipoishiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 ikaikataa mashine kwa sababu ya prosesa, niliamua kuweka Linux Mint. Sikuifuta Windows. Niliipunguzia nafasi, Mint ikakaa pembeni, na partisheni yangu ya D (kipande cha diski kilichotengwa) yenye picha na kazi zangu ikabaki ilivyokuwa ili niifikie kutoka pande zote mbili.

Hii ni wiki ya tatu. Diski inatoa mlio wa "tak", inanyamaza kidogo, halafu "tak" tena. Kuna folda ya picha nikiifungua mashine inaganda mpaka nishikilie kitufe cha kuzima. Nikajipa moyo kwamba bakapu ninayo kwenye diski ya nje. Jana usiku nimeifungua: folda ya sauti za marehemu bibi yangu, mazungumzo 64 niliyomrekodi kwa miaka minne, mafaili 11 yana baiti 0. Jina lipo, ndani hamna kitu.

Je, kuhama mfumo kunaweza kuharibu diski? Maana nikiwa Windows haikuwahi kulia hivi.

#2 Kurunzi
Pole sana dada. Kabla hatujabishana: izime hiyo mashine sasa hivi. Usifungue folda yoyote, usipige chkdsk (ile kagua-diski ya Windows), usisakinishe kitu. Tufuatilie kwa simu. Diski yenye shida ya kusoma ikilazimishwa kurudia sehemu ile ile mara mia, ndivyo inavyomalizika.

#3 NahodhaTerminali
Mfumo endeshi ni programu, hauvunji chuma. Diski ya miaka tisa imefika mwisho wake, imesadifu tu na siku ulizohama. Tafuta SSD, diski isiyo na sahani.

#4 Mzee Mtarimbo
Nahodha, taratibu. Sisi tuliokuwepo 2007 tunakumbuka zogo la Ubuntu (aina nyingine ya Linux) na diski za laptopu. Watu walihama, wakasikia hiyo hiyo "tak", wakasoma hesabu za diski wakakuta kichwa kinaegeshwa mamia ya mara kwa saa.

Kwa wasiojua: kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani inayozunguka. Diski ikikaa bila kazi, kichwa hutolewa pembeni na kuegeshwa kwenye kingo yake, kwa usalama na kuokoa betri. Kazi ikija kinarudi. Kila safari moja inahesabiwa, na diski nyingi za laptopu zimekadiriwa kuhimili safari 300,000 au 600,000. Sasa ukikutana na mfumo unaoandika vitu vidogo vidogo kila baada ya sekunde kadhaa, kichwa kinaegeshwa, kinaamshwa, kinaegeshwa. Watetezi wa Ubuntu walijibu kwamba mfumo haukugusa mipangilio hiyo, ni ya diski na BIOS (programu inayoiwasha mashine). Huenda ni kweli. Lakini mwenye diski hafarijiki kwa kuambiwa kosa ni la nani. Kwa hiyo programu inaweza kukichosha chuma, na imeshatokea.

#5 Tausi78
Mimi nasema ni ext4, ule mpangilio wa mafaili wa Mint. Inaandika kila kitu mara mbili kwa sababu ya ile jono (daftari la mabadiliko) yake. Diski kongwe haiwezi kazi maradufu.

#6 Dira
Hapana Tausi. Kwa kawaida ext4 huandika kwenye jono taarifa za mafaili tu (majina, ukubwa, mahali yalipo), siyo yaliyomo. Na NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows, nayo ina jono yake tangu ilipotoka mwaka 1993. Kama jono ingekuwa inaua diski, Windows ingeshaziua zote.

#7 Umande
Nimezima. Asanteni. Shikamoo Mzee Mtarimbo. Nitajuaje kama ni hilo la kuegesha?

#8 Kurunzi
Marahaba kwa niaba yake, najua atachelewa kuiona. Chukua ile flashi uliyosakinishia Mint, washa mashine kutoka kwenye flashi, usiguse "Install" wala usibofye partisheni yoyote. Fungua terminali, sakinisha smartmontools (inasoma hesabu za afya ambazo diski hujiwekea), andika `sudo smartctl -a /dev/sda`. Tuletee mistari hii: 5, 9, 192, 193, 197, 198, 199. Na hakikisha kwanza kwa `lsblk` kwamba sda ndiyo diski ya ndani, siyo flashi. Majina haya hubadilika.

#9 Umande
5 (sekta zilizohamishwa): 0
9 (saa za kuwaka): 11,240
192 (kuzimwa ghafla): 58
193 (kuegesha kichwa): 412,306
197 (sekta zinazosubiri): 16
198 (sekta zilizoshindikana kusomwa): 16
199 (makosa ya kebo): 0

Mstari wa juu unasema "PASSED". Inamaanisha ni nzima?

#10 Kurunzi
Usiuamini huo "PASSED". Maana yake ni kwamba hakuna hesabu iliyovuka kiwango alichokiweka mtengenezaji, na viwango hivyo ni vya huruma sana. Diski nyingi hufa zikiwa zimeandikiwa PASSED.

Kinachonitia wasiwasi ni 197. Kuna sekta (vipande vidogo vya diski) 16 ambazo diski ilijaribu kuzisoma ikashindwa, sasa zimewekwa pembeni zikisubiri. Zikiandikwa upya, ama zitapona ama zitabadilishwa na sekta za akiba, na hapo namba 5 ndiyo itakayopanda. Lakini kuziandika ni kufuta kilichokuwemo, kwa hiyo bado. 199 ni sifuri: kebo haina hatia.

Kazi ya leo ni moja: azima diski ya terabaiti 2, na kwa flashi hiyo hiyo sakinisha gddrescue (amri yenyewe inaitwa `ddrescue`). Inanakili diski nzima, sekta kwa sekta, inaanza na sehemu nyepesi, inaruka penye ugumu, halafu inarudi kuhangaika na vigumu mwishoni. Usisahau faili la ramani. Ukikatika umeme, ramani ndiyo inayojua mlipofikia.

#11 Mzee Mtarimbo
Marahaba mwanangu Umande. Nimeiona 193: 412,306. Kama diski yako ni ya kundi la 300,000, imeshapita. Ndiyo niliyosema.

#12 NahodhaTerminali
Mzee wangu, tupige hesabu pamoja. 412,306 kwa saa 11,240 ni wastani wa mara 37 kwa saa, maisha yote ya diski. Linux ina wiki tatu. Tuseme inaegesha kila sekunde 30, saa sita kwa siku, siku 21: ni mara 15,120. Zinazobaki, karibu laki nne, ni za Windows. Iliyoichosha diski ni miaka tisa, siyo Mint.

#13 Mzee Mtarimbo
Hesabu yako ni sahihi, siibishii. Lakini umeikisia hiyo ya sekunde 30. Tuipime kwanza.

#14 Kumbikumbi
Mbona hakuna aliyetaja Fast Startup? Tangu Windows 8, ukibonyeza "Shut down" Windows haizimi kikamilifu. Inaandika hali ya moyo wa mfumo kwenye faili la hiberfil.sys, kesho yake inaamka haraka. Kwa maana hiyo, ulipoingia Linux ile D ilikuwa bado "mkononi" mwa Windows. Windows inarudi na kumbukumbu yake ya zamani, inakuta vitu vimehama, inaandika juu yake. Mafaili yanatoweka au yanabaki majina. Mwaka jana nimepoteza folda nzima ya kazi kwa njia hiyo, na diski yangu ilikuwa mpya.

Dawa: ukiwa Windows fungua terminali kama msimamizi, andika `powercfg /h off`. Au uwe unachagua "Restart" badala ya "Shut down" unapotaka kwenda Linux, kwa sababu Restart huzima kweli.

#15 Dira
Kumbikumbi, hilo ni kweli ila lina ulinzi. Dereva ya ntfs-3g (inayoiwezesha Linux kusoma NTFS) ikikuta partisheni iliyolazwa usingizini na Windows, huifungua kwa kusoma tu. Umande, uliwahi kuandika kwenye D ukiwa Mint? Au ilikukatalia?

#16 Umande
Mara mbili tatu ilinikatalia, ikasema ni ya kusoma tu. Nikatafuta mtandaoni nikapata amri ya kuondoa hiyo hali, nikaipiga, ikakubali. Siikumbuki yote, ilikuwa na neno `remove_hiberfile`.

#17 Kumbikumbi
Hapo sasa. Ulinzi ulikuwepo, ukafunguliwa kwa nguvu. Hiyo amri inatupa ile hali iliyohifadhiwa na Windows, pamoja na chochote ambacho Windows ilikuwa haijakiandika.

Sikulaumu dada. Walioiandika amri hiyo kwenye kurasa zao bila onyo ndio wa kulaumiwa.

#18 Bi Ushanga
Samahanini, ninyi wote mnaongelea diski ya ndani. Yale mafaili 11 yenye baiti 0 yako kwenye diski ya NJE. Hivi ni vitu viwili tofauti. Umande, folda ya sauti uliinakili ukiwa Windows au Linux? Na uliichomoaje?

#19 Umande
Nyaraka na picha nilinakili nikiwa Windows kabla ya kuhama. Sauti nilikuwa nimezisahau, nikanakili siku ya pili nikiwa Mint. Mstari wa maendeleo ulijaa haraka sana, nikafurahi, nikachomoa waya. Miaka yote ndivyo nilivyofanya nikiwa Windows, sikuwahi kupoteza kitu.

#20 Bi Ushanga
Nilijua. Nimelipia somo hili kwa picha za harusi ya dada yangu, kwa hiyo nalieleza polepole kwa faida ya wengine.

Unaponakili faili kwenye Linux, data haiendi moja kwa moja kwenye diski. Inakaa kwanza kwenye RAM, mfumo unaiandika taratibu nyuma ya pazia. Mashine yenye RAM ya gigabaiti 8 inaweza kuwa imebeba gigabaiti nzima na zaidi ambayo bado haijafika. Mstari unaojaa haraka unakuonyesha kasi ya RAM. Ukichomoa hapo, majina yameshaandikwa kwenye orodha, yaliyomo hayajafika. Baiti 0.

Kwenye Windows uliponea kwa sababu kuanzia Windows 10 toleo la 1809 diski za nje zinawekwa kwenye hali ya kuchomolewa haraka, yaani haziachiwi mzigo kwenye RAM. Tabia ile ile ya mkono, mfumo tofauti. Kwa hiyo kwa swali lako la kwanza mimi najibu ndiyo: kuhama kumekuharibia bakapu, ingawa chuma hakikuguswa.

Bonyeza "Eject" usubiri ruhusa, au andika `sync` usubiri mpaka terminali irudishe mstari. Ndiyo uchomoe.

#21 Kumbikumbi
Bi Ushanga umenifundisha. Ila bado nina swali. Kama yale 11 yalisomwa kutoka D iliyovurugwa na Fast Startup, si yangeweza kutoka matupu tangu mwanzo?

#22 Bi Ushanga
Yangeweza. Tutajua tukiona kama kwenye D bado yana ukubwa wake. Tusimfungulishe sasa, asubiri ddrescue imalize.

#23 Kitasa
Nimesoma kuanzia juu. Kuna jambo limepita bila kutajwa: alipunguza partisheni ya Windows. Kazi hiyo huhamisha data iliyolala sehemu moja kwa miaka, inaweza kusoma na kuandika gigabaiti nyingi kwa mkupuo. Halafu akanakili bakapu, ambayo ni kusoma kila kitu. Zile sekta 16 huenda zimeoza tangu miaka minne iliyopita chini ya picha ambazo hakuna aliyezifungua. Ukihama nyumba ndipo unapoliinua kabati ukakuta mchwa walishakula mguu. Gari la kuhamia halikuleta mchwa.

#24 NahodhaTerminali
Kitasa umesema nilichotaka kusema, na umekisema vizuri zaidi.

#25 Mzee Mtarimbo
Na ile 192 mmeiachia nani? Kuzimwa ghafla mara 58. Kila akishikilia kitufe, kichwa kinarudishwa kwa nguvu ya dharura, na sekta iliyokuwa inaandikwa wakati huo inaweza kubaki nusu. Sekta ya nusu haisomeki, na ndiyo hiyo hiyo itakayohesabiwa kwenye 197 ingawa sahani ni nzima kabisa. Umande, uliishikilia mara ngapi tangu uhame?

#26 Umande
Labda mara kumi. Nyingine sijui ni za lini.

Ddrescue inaendelea, imefika 71%. Ilianza kwa megabaiti 90 kwa sekunde.

#27 Mpiga Chapa
Tukiwa tunasubiri, kwa wanaosoma wakipanga kuhama: nakala isiyofunguliwa bado si nakala. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab (tovuti ya kuhifadhia kodi za programu) alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Kati ya gigabaiti 300 hivi zikabaki 4.5. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala. Ile ya kila siku ilikuwa inashindwa kimya kimya kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 na hifadhidata ya 9.6, na hakuna aliyekuwa anaona taarifa za kushindwa. Kilichowaokoa ni picha ya mfumo ambayo mtu aliipiga kwa mkono saa sita kabla, kwa ajili ya majaribio. Walipoteza data ya kama saa sita. Na hao ni watu ambao kazi yao ni hiyo.

Mimi binafsi niliwahi kugeuza mwelekeo wa rsync, amri ya kunakili mafaili. Nikaweka diski tupu kama chanzo na diski yangu kama mwisho, nikiwa nimewasha `--delete`, inayofuta kwenye mwisho chochote kisichopo kwenye chanzo. Ilichukua sekunde chache. Tangu siku ile sipigi rsync bila `-n` kwanza, inayoonyesha itakachofanya bila kukifanya.

#28 Tausi78
Na BitLocker jamani, ile kufuli ya Windows inayofunga data ya diski. Kaka yangu aliingia BIOS, akazima Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha) ili aweke Linux. Aliporudi Windows ikamdai ufunguo wa tarakimu 48. Hakujua hata kama diski yake ilikuwa imefungwa, mashine ilikuja hivyo. Bahati nzuri ufunguo ulikuwa umehifadhiwa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Angekuwa hana, diski nzima kabisa, data ndiyo imekwenda. Mniambie na hilo nalo tuliiteje, kuharibika kwa diski?

#29 Dira
Onyo lako ni zuri Tausi, leo umetuokolea watu. Nyongeza: wanaotegemea Timeshift (programu ya kurudisha mfumo ulivyokuwa) kwenye Mint, kwa kawaida Timeshift haigusi folda ya Home. Inarudisha mfumo, hairudishi picha zenu. Nimeshuhudia mtu akilia kwa hili.

#30 mgeni_wa_jana
Wakuu natoka nje ya mada kidogo. Mimi nina SSD na nimebadilisha Linux kama mara 15 mwaka huu, najaribu kila ladha. Nimeichosha?

#31 NahodhaTerminali
Hapana. SSD nyingi za terabaiti 1 zimedhaminiwa kuandikwa terabaiti 600 hivi. Usakinishaji mmoja tuseme ni gigabaiti 20. Ungehitaji kusakinisha mara 30,000. Endelea kujaribu, ila data weka kwenye partisheni yake peke yake.

#32 Kurunzi
Kubali jibu la Nahodha, lakini jua tofauti moja. Kwenye diski ya sahani, faili ulilofuta linaweza kurudi kwa programu za TestDisk au PhotoRec kama hujaandika juu yake. Kwenye SSD kuna TRIM: mfumo unaiambia diski sehemu zipi hazina mwenyewe, nayo inazisafisha. Ubuntu na Mint hufanya hivyo kila wiki, na ukifomati mara nyingi hufanyika papo hapo. Ukikosea partisheni wakati wa kusakinisha, kwenye SSD mara nyingi hakuna pa kurudia. Kwa hiyo SSD inasamehe kuandikwa, haisamehi kukosea.

#33 mgeni_wa_jana
Nimeelewa. Basi ngoja nitenganishe partisheni leo leo.

#34 Umande
Imemaliza. Mwanzo ilikwenda saa tatu na zaidi, halafu ikang'ang'ania mahali pawili usiku kucha. Matokeo: imeokoa kila kitu isipokuwa baiti 8,192. Kurunzi, hiyo ni kubwa au ndogo?

#35 Kurunzi
Alhamdulillah. Sekta 16 mara baiti 512 ni 8,192 kamili, hakuna zaidi ya zile zilizohesabiwa. Diski za siku hizi ndani yake zina sekta za baiti 4,096, kwa hiyo uharibifu halisi ni mahali pawili tu, ndiyo maana iling'ang'ania pawili.

Sasa fanyia kazi ile taswira (nakala ya diski nzima iliyotolewa na ddrescue), diski yenyewe iache ipumzike. Ddrescue ina `--fill-mode`: inajaza yale mashimo mawili kwa neno utakalochagua. Jaza kwa neno ambalo haliwezi kuwepo kwenye faili lolote, halafu fungua taswira kwa kusoma tu, utafute neno hilo kwa `grep -rl`. Utajua ni mafaili gani hasa yameguswa.

#36 Umande
Nimefanya. Mafaili mawili.

La kwanza ni picha moja kwenye ile folda iliyokuwa inagandisha. Nusu ya juu nzima, nusu ya chini kijivu.

La pili ni sauti ya bibi. Rekodi ya 38. Nimeogopa kuifungua kwa saa nzima. Nimeifungua, anaongea, anahadithia alivyovuka mto akiwa na mama mgongoni. Nimesikiliza dakika zote 41. Sijasikia palipokatika.

Na yale 11 yaliyokuwa matupu kwenye diski ya nje, kwenye taswira yapo yote na ukubwa wake. Asanteni sana. Sana.

#37 Bi Ushanga
Machozi yamenitoka. Hutasikia palipokatika: kama ni WAV (sauti isiyobanwa) ya chaneli moja yenye ubora wa CD, baiti 4,096 ni chini ya nusu ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Na Kumbikumbi, jibu la swali lako ni hilo. D ilikuwa na mafaili kamili, kwa hiyo yale 11 yalipotelea njiani, kwenye RAM.

#38 Kumbikumbi
Nimekubali kwa yale 11. Kwa vurugu nyingine za D bado sijaondoka kwenye Fast Startup.

#39 Mzee Mtarimbo
Mwanangu, hongera. Sasa kwa kuwa data iko salama kwenye diski ya pili (na uifanye ya tatu, uiweke nyumba nyingine), nakuomba utusaidie kumaliza ubishi. Tumia Linux siku moja kwa saa sita, andika 193 mwanzo na mwisho. Kesho fanya hivyo hivyo kwenye Windows. Andika kwenye daftari kabisa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na diski ni mali.

#40 Umande
Mzee, daftari hili hapa. Kazi zile zile, saa sita kila siku.

Linux: imeongezeka 684.
Windows: imeongezeka 231.

#41 Mzee Mtarimbo
684 kwa saa sita ni mara 114 kwa saa, karibu kila sekunde 32. Windows ni 38 na kitu kwa saa, sawa na ule wastani wa maisha yake yote. Linux inaegesha mara tatu zaidi. Nahodha, zile sekunde 30 zako ulikisia ukapatia.

#42 NahodhaTerminali
Nakubali namba, na nakubali Mint kwenye mashine hii imeharakisha uchakavu. Lakini kuegesha kunachosha kingo na mkono wa kichwa. Hakuelezi sekta mbili zisizosomeka katikati ya sahani. Na hata kwa kasi hii, wiki tatu ni elfu 14 hivi juu ya laki nne. Umande, umeweka TLP au programu nyingine ya kuokoa betri? Jaribu `sudo hdparm -B 254 /dev/sda`, inayoiambia diski isiegeshe kichwa ovyo, upime tena. Ikikubali, iweke kwenye /etc/hdparm.conf, la sivyo inaweza kusahaulika mashine ikizimwa.

#43 Kitasa
Kuegesha kunaweza kutoa vumbi la kingo likaangukia kwenye sahani, hapo vyote viwili vinakutana. Sina ushahidi kwamba ndivyo ilivyokuwa hapa. Mimi bado nashikilia mchwa wa zamani.

#44 Dira
Na mimi nashikilia kitufe cha kuzima, 192 ya Mzee. Kuna jaribio la kuwatenganisha. Sekta iliyoharibika kwa kuandikwa nusu, ukiiandika sifuri inapona: 197 inashuka, 5 inabaki 0. Sahani ikiwa imeoza kweli, 197 inashuka na 5 inapanda.

#45 Kurunzi
Dira yuko sahihi, ila asifanye mpaka nakala ya tatu iwe imefunguliwa na kusikilizwa. Zote 64.

#46 Umande
TLP ninayo, niliiweka wiki ya kwanza kwa ajili ya betri. Nimepiga -B 254, "tak" imepungua sana lakini haijaisha. 197 bado 16.

Nakala ya tatu naipeleka kwa mama leo. Nimeshasikiliza 29. Zikiisha zote nitaiandika diski sifuri na kuwaletea 5 na 197.

#47 Mzee Mtarimbo
Tunasubiri. Na uchomoe kwa adabu.